Risala ya Wanafunzi wa Chuo kwa Mgeni Rasmi, Wete Pemba

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu na wanafunzi wenzetu, Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutukutanisha, na wewe mheshimiwa ahsante sana kwa kuvuka bahari ukatufikia, maana wengi tunawaalika wanaishia Unguja.

Kikundi chetu cha kujisomea kilianza na watu wachache chini ya muembe, leo kiko kila darasa na mafanikio ni makubwa mno, tumekusanya vitabu vya bure vya OpenStax, mradi unaotoa vitabu vya kiada mtandaoni, vya fizikia, baiolojia na takwimu, tumevitia kwenye flashi inayozunguka chuo kizima. Na si vitabu vya wizi mheshimiwa, vina leseni huria ya Creative Commons, ruhusa ya kunakili na kugawa imeandikwa humo humo, na UNESCO tangu 2019 imezitaka nchi wanachama ziunge mkono nyenzo za aina hii.

Sasa tuje kwenye jambo letu. Kitabu ni bure lakini bando si bure. Mwenye simu nzuri anashusha kitabu kizima, mwenye kitochi anakwenda steshenari kutoa kopi, kila ukurasa pesa, mwisho anaambulia sura moja. Maktaba kitabu cha takwimu kipo kimoja, kurasa za mazoezi zimeshachanwa, na wenzetu wa Konde na Micheweni wanawahi gari ya mwisho kwahiyo zamu yao haifiki. Halafu mtihani ni mmoja kwa wote, haki iko wapi hapo?

Tunaomba seva ndogo, yaani kompyuta ya kuhifadhia vitabu, ruta yake ya kurusha waifai, betri ya kushikilia umeme ukikatika, na kompyuta chache kwa wasio na simu. Vitabu vikishajazwa humo mtu anasoma kwa waifai ya ndani bila bando wala intaneti, hata Wikipedia inaingia kwa programu ya Kiwix.

Kwa heshima zote mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi aliyepita alituahidi hapa hapa kuwa kabla ya Ramadhani vitu vitafika, tukapiga makofi, wakaja watu wakapima chumba, sisi tukachangishana tukapaka rangi na kuchongesha meza. Ramadhani ikapita, na nyengine ikapita, chumba sasa kinawekwa viti vibovu. Na wa kabla yake aliahidi hivo hivo. Kwahiyo leo tunakuomba utuachie tarehe, na jina la afisa wa kumfuatilia, tutamfuata wenyewe ofisini kwake.

Ufunguo wa chumba anao katibu wetu, tunaomba ukakione kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.