Barua ya wazi: Mheshimiwa, mlete mtu mwenye chupa kabla mafuta hayajazama

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Msimamizi wa usafi wa bahari yetu, Mombasa.

Assalamu aleikum, Mheshimiwa.

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu barua mbili nilizoleta ofisini kwako kwa mkono wangu hazikujibiwa. Ya kwanza ilipigwa muhuri, ya pili iliishia kwa askari wa lango. Nauli ya kuvuka mara ya tatu sina.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi, yakijaa, mafuta yaliingia hori la Port Reitz, mkono wa bahari unaoingia bara, mpaka kwenye mikoko yetu ya Tsunza. Nilishuka alfajiri kubandua chaza kwenye mizizi, nikayajua kwa pua kabla sijayaona. Kulipokucha, mizizi ilikuwa imepakwa weusi kimo cha magoti, na chaza wote wamefungwa na utando. Nilipiga ile namba uliyotupa barazani. Haikupatikana. Nilipiga tena Jumamosi na Jumapili.

Vijana wako wawili walikuja Jumatatu asubuhi mapema, maji yamejaa na yanang'aa. Walisimama pale juu na viatu vyao, wakaandika kwamba hakuna mafuta yaliyoonekana. Niliwasihi wangoje maji yapwe, wakasema gari linawasubiri. Walipokwenda, maji yalipwa. Nikakanyaga tope kwa kisigino, nikang'oa mguu. Shimo likajaa maji, na juu ya yale maji ukatanda utando ule ule wenye rangi rangi. Mafuta hayakuondoka, Mheshimiwa. Yalishuka.

Wewe ulitwambia, chini ya ule mwembe, kwamba hori litapimwa kila mwezi na majibu yatabandikwa kwa chifu. Nakumbuka maneno yako kwa sababu nilipiga makofi. Sijaona karatasi hata moja.

Mwaka 1988 nilikuwa msichana wa shule tangi la mafuta lilipotoboka Kipevu, tani zipatazo 5,000 zikamwagika hori la Makupa, mikoko ikafa imesimama. Mwaka 2005, mwezi wa Aprili, meli ya mafuta ikavuja bandarini, na safari hiyo yakaja huku kwetu Port Reitz. Kuna vipara kikundi chetu kimepanda miche mara tatu, na mara tatu imekauka. Mchu, aina moja ya mkoko, hupumua kwa vile vijiti vinavyosimama juu ya tope. Vikipakwa mafuta, mti unakosa pumzi. Hilo halihitaji digrii, linaonekana kwa macho.

Ya safari hii yametoka wapi? Mimi nadhani ni meli iliyomwaga maji ya ngama, yale machafu yenye mafuta ya tumboni mwake, usiku ikijua hakuna anayetazama. Jirani yangu anasema ni mifereji ya magereji ya mjini. Huenda ni yeye aliye sahihi. Lakini kila mafuta yana alama zake, kama kidole gumba. Maabara ikipata sampuli mbichi inaweza kuzilinganisha na mafuta ya meli fulani na kusema ndiyo hii au siyo. Baada ya siku tatu za jua na maji, alama zimeanza kupotea. Ndiyo maana nalia na zile siku tatu.

Mtoto wa dada yangu, aliyesomea mambo ya bahari, alinionyesha kwenye simu picha za rada za satelaiti za Sentinel-1. Zinaona usiku, zinaona hata kukiwa na mawingu, na hutolewa bure. Mafuta hulaza viwimbi, kwa hiyo doa huonekana jeusi. Zitumieni kwa meli za huko nje. Lakini humu ndani, chini ya matawi ya mikoko, satelaiti haioni kitu. Humu panataka mtu aingie topeni na chupa ya kioo.

Gati jipya la mafuta la Kipevu lilifunguliwa mwaka 2022, na meli nne zinaweza kupakua kwa wakati mmoja. Sipingi gati, nchi inahitaji mafuta, na hata mtumbwi wa mume wangu una injini. Ila meli zikizidi, wapimaji nao wazidi. Kenya imo kwenye mikataba ya kimataifa ya fidia kwa mafuta ya meli. Siku ya kudai, tutaulizwa hori lilikuwaje kabla na chaza walikuwa wangapi. Tutajibu nini, ikiwa hakuna aliyewahi kupima tope siku ambayo halina mafuta?

Tangu Ijumaa sijauza kitu. Mnunuzi wa kaa aliwanusa akawarudisha, akasema wananuka mafuta ya taa. Miguu yangu imetoka vipele mpaka magotini. Binti yangu wa kidato cha tatu yuko nyumbani kwa sababu ya karo, na karo yake ilikuwa ni hawa chaza. Mheshimiwa, mimi sina shamba. Shamba langu ni lile tope.

Sikuombi maboya ya kuzuia mafuta uliyotuahidi, wala boti. Mwaka 2020 kule Morisi, meli ilipopasuka na mafuta kuingia kwenye maji ya pwani yao, wanavijiji walishona maboya yao wenyewe kwa majani ya miwa. Nasi tutashona. Kupima ndiko tusikoweza. Naomba mtu mmoja, kila mwezi, maji yakipwa, achukue maji na tope, majibu yabandikwe kwa chifu. Na mafuta yakiingia, aje siku hiyo hiyo.

Pale nilipokanyaga nimechomeka kijiti na kukifunga kitambaa chekundu. Bamvua lijalo, maji yakipwa, nitakuwa hapo tangu alfajiri. Njoo, au mtume mtu. Aje na chupa.

Mbandua chaza,
Tsunza.