Mnaohamia Nairobi ulizeni maji kwanza

Mhariri,

Naona vijana wengi hapa Kisumu wakipanga kuhamia Nairobi na wote wanauliza kodi tu, bedsita ya chumba kimoja mtaa wa Pipeline ni ngapi, mtaa wa Kayole je, hakuna anayeuliza maji yanakuja siku gani! Hiyo inaniuma sana. Nairobi maji ni ya mgao, kuna mitaa yanafika siku chache tu kwa wiki, sasa ukiingia ploti haina tangi utakuwa unanunua mtungi kwa mtungi na hiyo pesa hukuipangia. Landilodi naye atataka kodi pamoja na dipoziti kabla akupe funguo, kwa hivyo pesa ya mwezi mmoja haitoshi kabisa.

Mizigo nayo, hiyo barabara ni kama kilomita 350 na kukodi lori zima ni ghali, afadhali uongee na madereva walioleta bidhaa huku na wanarudi bila mzigo, mtaelewana bei. Na mwenye watoto tafadhali ahame likizo ya Desemba, kuwatoa shule katikati ya muhula ni kuwaumiza bure, na nafasi kwa shule mpya itafutwe kabla hamjapakia hata kijiko.

Mkazi wa Manyatta,
Kisumu