Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vikundi vya Kujifunza Altrasaundi

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mlinikabidhi kazi moja: wanafunzi wa udaktari waache kujifunza altrasaundi kwa kutazama mgongo wa mkufunzi. Naleta majibu.

Tulianza vibaya. Vikundi vya kwanza vilikuwa vya watu kumi kumi kwa mashine moja. Wawili wasio na haya waling'ang'ania proba, yaani kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi, wanane wakabaki kuitikia kwa vichwa. Tukapunguza hadi wanne: mmoja anashika proba, mmoja anarekebisha kina na mwangaza wa picha, mmoja analala kitandani, na wa nne anaeleza kwa sauti kinachoonekana kwenye skrini. Kisha wanapokezana. Huyo wa nne ndiye aliyenishangaza. Akilazimika kutamka kwamba "hiki cheusi ni majimaji, ule mstari mweupe ni kiwambo" (msuli unaotenga kifua na tumbo), makosa yake yanatoka hadharani, na wenzake humsahihisha kabla mkufunzi hajafungua mdomo.

Somo la kwanza kwa wote lilikuwa nafasi iliyo kati ya ini na figo ya kulia. Aliyeumia tumboni akilala chali, damu hupenda kukusanyika hapo, na ni mojawapo ya sehemu nne zinazoangaliwa katika uchunguzi wa haraka wa majeruhi. Mwenzao aliye mzima hana damu hapo, na ndiyo faida yake: aliyezoea kuona ini na figo vikigusana atashtuka siku utepe mweusi utakapoingia katikati. Ubishi kuhusu proba gani itumike nao umepungua. Proba iliyopinda, ya megahezi 2 hadi 5 hivi, huona mbali ndani ya tumbo. Ile bapa, yenye mawimbi ya megahezi nyingi zaidi, hutoa picha kali zaidi lakini haifiki mbali, basi ibaki kwa mishipa na vilivyo karibu na ngozi.

Liko jambo linaloniuma. Mwanafunzi aliyejitolea kulala kitandani alionekana na kijiwe kwenye mfuko wa nyongo, skrini ikiwa wazi mbele ya wenzake. Hatukuwa tumejiandaa, na kosa ni letu viongozi. Sasa kila anayejitolea huelezwa mapema kwamba jambo kama hilo linaweza kutokea, ana haki ya kukataa bila kuulizwa sababu, na kinachotiliwa shaka huambiwa peke yake na daktari, kisha hupimwa upya kwa utaratibu wa kawaida.

Wanafunzi wa miaka ya juu sasa wanaongoza vikundi. Wanakumbuka bado ugumu wa kutuliza mkono, kitu ambacho sisi tumeshasahau. Kupitisha mwanafunzi kuwa ameiva, hata hivyo, kumebaki kwa wakufunzi.

Hesabu atazisoma mweka hazina.

Upungufu mkubwa ni wa watu wa kukagua picha. Vikundi vinahifadhi picha nyingi kuliko macho yenye uzoefu tuliyonayo, na picha isiyosahihishwa humfundisha mtu kosa lake mwenyewe. Anayeweza kutoa jioni moja kwa mwezi ajiandikishe kwa katibu kabla hatujatoka ukumbini.