YAH: Malalamiko kuhusu muundo mpya wa duka lenu la mtandaoni

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Mimi ni mteja wenu wa miaka mingi, wa madukani na wa mtandaoni pia. Ninaandika kulalamikia muundo mpya wa tovuti yenu ambao umenipotezea jioni mbili na safari moja ya bure, na mpaka leo sijapata jozi ya viatu niliyokuwa nikiitafuta.

Viatu hivyo ni vya mama yangu. Miguu yake huvimba, kwa hiyo kinachoamua kama kiatu kitamfaa ni upana kuliko hata namba ya saizi. Tovuti ya zamani, ambayo nakiri ilikuwa imechakaa kwa sura, ilikuwa na kichujio cha upana: nilibofya mara mbili tu nikabaki na viatu vichache ambavyo vyote vingeweza kumwingia. Katika tovuti mpya kichujio hicho hakipo. Kuna picha kubwa zinazojaza skrini nzima ya simu, na vipimo vimefichwa chini kabisa ya ukurasa, katika sehemu isiyoonekana mpaka uifungue. Nilifungua kurasa zaidi ya thelathini, mmoja mmoja, na kila niliporudi kwenye orodha ilinipeleka mwanzo kabisa, kana kwamba sijaangalia chochote.

Hilo ningelivumilia, lakini hatua ya malipo ilinishinda. Maelezo ya kila kisanduku cha fomu yameandikwa kwa rangi ya kijivu hafifu ndani ya kisanduku chenyewe, nayo hutoweka mara tu unapoanza kuandika, hata nilipofika katikati sikuweza tena kujua kipi kilikuwa cha jina la mtaa na kipi cha namba ya nyumba. Namba ya simu niliiandika kwa kuacha nafasi kati ya tarakimu, kama watu wengi tunavyoziandika. Mfumo ukatoa maneno mekundu, “Taarifa si sahihi”, bila kusema ni taarifa ipi, kisha ukafuta fomu nzima. Kuondoa nafasi kwenye namba ya simu ni kazi ndogo mno kwa kompyuta, na sioni kwa nini aachiwe mteja. Nikajaza upya, nikaandika anwani ya kupelekewa mzigo, halafu nikatakiwa kuandika anwani ile ile tena kwa ajili ya malipo. Nikiwa bado ninaandika, ukurasa ukanitoa kwenye akaunti bila onyo lolote, na niliporudi nilikuta kikapu kitupu.

Naomba msidhani kwamba ninabishana nanyi juu ya ladha. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti duniani, lilitoa toleo la 2.2 la miongozo yake ya ufikivu, yaani ya kuhakikisha tovuti zinaweza kutumiwa na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, mwezi Oktoba 2023, na mengi niliyoyataja kuhusu hatua ya malipo yamo humo. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kutofautiana kwa mwangaza na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu chenu nilikipima kwa kifaa cha bure, hakikufika hata 3. Kosa kwenye fomu linatakiwa kutajwa kwa maneno, pamoja na mahali lilipo. Taarifa ambayo mtu ameshaitoa isidaiwe tena katika shughuli ile ile, isipokuwa kwa sababu ya msingi. Muda wa kukaa kwenye akaunti unapokaribia kwisha, mteja aonywe na apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo chepesi. Ikiwa mimi, ninayeona vizuri, nilikwama, sijui asiyeona anayetegemea programu ya kumsomea skrini anafanyaje.

Jioni ya pili nilikata tamaa ya kuletewa nyumbani, nikachagua kuchukua mzigo dukani. Tovuti ilinihakikishia kwamba kiatu kimoja kinachofaa kipo kwenye tawi lililo karibu nami. Kesho yake nilikwenda na hakikuwepo. Dada wa kaunta, ambaye sina lawama naye hata kidogo, alinieleza kwamba hesabu ya stoo inayoonekana mtandaoni husasishwa usiku tu, na kwamba yeye hana namna ya kuona oda za mtandaoni kwenye mashine yake. Kampuni ni moja, lakini kaunta na tovuti hazijuani.

Linaloniuma zaidi ni akaunti yangu. Mlipohamia mfumo mpya mlitutaka wateja wote tujisajili upya, na historia ya manunuzi yetu haikuhamishwa. Mwaka 2014 kampuni ya maduka ya Marks & Spencer ya Uingereza ilizindua tovuti mpya iliyogharimu takriban pauni milioni 150, ikawataka wateja wajisajili upya, na katika robo ya mwaka iliyofuata mauzo yake ya mtandaoni yakashuka kwa takriban asilimia 8. Habari hiyo ilitangazwa wazi, na anayejenga duka la mtandaoni leo alipaswa kuwa ameisoma.

Ninaomba, kwanza kabisa, mnirudishie historia ya manunuzi yangu, hata kama ni kwa kunitumia orodha kwa barua pepe. Kichujio cha upana kirudishwe, na kikapu kibaki na vitu vyake hata mtu akitolewa kwenye akaunti. Fomu ya malipo irekebishwe kama nilivyoeleza, tena ijaribiwe na wazee na watu wenye ulemavu kabla hamjaitangaza kuwa tayari. Pembeni ya neno “ipo dukani” andikeni saa ambayo hesabu hiyo ilichukuliwa. Nitashukuru kupata majibu ya maandishi ndani ya siku 14.

Historia hiyo ninaihitaji kwa sababu ndimo lilimo jina la kiatu ambacho mama amekivaa kwa miaka miwili bila kulalamika. Lebo ya ndani imefutika kwa kuvaliwa, na soli ya mguu wa kushoto imeanza kuachia.

Wenu mwaminifu,
Mteja