Jezi namba 10 usiichome

Lubumbashi, tarehe 25 Oktoba 2010

Ndugu yangu mpendwa,

Jambo kwako na kwa wote wa lupango lako huko Kolwezi. Sisi huku tuko wazima, Mungu asifiwe, ila mama anakohoa kidogo juu ya vumbi la mwezi huu. Mvua inatuchungulia tu, haijataka kushuka.

Ijumaa uliponipigia, yuniti zako ziliisha kabla sijakujibu. Kijana wa jirani anakwenda Kolwezi kesho asubuhi, basi nimekaa niandike vizuri, maana ulichoniuliza si cha kujibiwa haraka. Ulisema: jezi ya Rooney, yule mshambuliaji wetu wa Manchester United, niliyomnunulia mtoto, niichome ao niiache?

Kwanza nikueleze ilivyotukuta. Jumanne nilikuwa kwa kinyozi wetu wa Kamalondo, kichwa changu kimenyolewa nusu, redio ikatangaza kwamba kocha Ferguson mwenyewe amethibitisha: Rooney anataka kuondoka Manchester. Mkono wa kinyozi ulisimama. Unajua yule ni Arsenal toka utoto, lakini hakucheka. Aliuliza tu, "Huyu Rooney huyu?" Usiku nikaona sura ya Ferguson kwenye tele. Ndugu yangu, sijawahi kumwona mzee yule namna ile. Alisema alijua toka tarehe 14 Agosti, David Gill, mkurugenzi mkuu wa klabu, alipompigia simu kumwambia kijana hataki mkataba mpya, na kwamba alipigwa na bumbuwazi. Hakufoka. Alisema mlango bado uko wazi. Mimi nilitamani angefoka, ningejua nishike upande gani.

Jumatano tukakusanyika kwa yule baba mwenye Canal+, tulipokuwa tunakaa mimi na wewe kila Ligi ya Mabingwa. Mechi ilikuwa dhidi ya Bursaspor. Kabla mpira haujaanza, mwanafunzi mmoja mwenye intaneti kwenye simu akasimama akatusomea tamko la Rooney, neno kwa neno, akitafsiri polepole: kwamba alikutana na Gill, akaomba ahakikishiwe kuwa klabu itaendelea kuleta wachezaji wakubwa, na hakupewa hakikisho hilo. Chumba kizima kimya. Kuna mtu mzima, baba wa watoto wanne, alivua jezi yake namba 10, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena hivyo hivyo, namba ikawa inagusa mgongo wake. Hakusema neno mpaka mwisho. Mchezaji wetu Nani alifunga, tukashinda 1-0, na hakuna aliyeruka. Umewahi kuona watu wa Manchester wanashinda halafu wanatoka mmoja mmoja kama wanatoka kwenye kilio?

Baadaye Ferguson akatoa mfano wa ng'ombe: mtu anamwona ng'ombe kwenye shamba la mwenzake, anafikiri ni bora kuliko wake, kumbe sivyo. Vijana wa kartie wameushika mfano huo, wanaurudia wiki nzima. Mimi haukunituliza.

Haukunituliza kwa sababu Rooney alichokisema ni kile kile tulichokuwa tunakisema sisi. Kumbuka mwaka jana, Ronaldo alipouzwa Real Madrid kwa pauni milioni 80, na Tevez akavuka barabara kwenda kwa wapinzani wetu Manchester City. Nani aliniambia, "Hizi pesa zinaingia kwenye deni la Glazer, wale wenye klabu, hazirudi uwanjani"? Ni wewe. Na mwaka huu ulipoona zile skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la zamani la klabu yetu, zimejaa uwanja wetu wa Old Trafford kudai Glazer waondoke, ulifurahi mpaka ukaniamsha usiku kwa simu. Mwezi wa tatu Beckham alivaa moja shingoni akiwa mchezaji wa Milan, tukampenda zaidi. Klabu ina deni la zaidi ya pauni milioni 700. Basi mchezaji aliyetufungia mabao 34 msimu uliopita akiuliza pesa za wachezaji wapya ziko wapi, kwa nini tumwite msaliti? Jumatano ile, ndani ya hasira, nilikuwa upande wake. Sikuthubutu kusema pale chumbani, lakini wewe nakuambia.

Halafu ikaja Ijumaa. Akatia sahihi. Miaka mitano, mpaka 2015, picha na Ferguson, mikono mabegani. Watu wa huku walishangilia, mwingine alinunua bia za Simba mbili mbili kwa kila meza. Na ndipo moyo wangu mimi ulipovunjika. Jumatano hakukuwa na hakikisho, Ijumaa likawepo. Alhamisi alisajiliwa nani? Hakuna. Kama swali lake lilikuwa la kweli, lilikuwa swali letu sote, na alipaswa kutuambia alijibiwa nini. Angeondoka, hata kwenda City, ningelia lakini ningemwamini. Sasa amebaki, na yale maneno aliyoyatoa kwa niaba yetu yameonekana ni ya kupandisha mshahara. Hata wanaopinga Glazer amewaharibia, maana kesho mtu akisema klabu haina pesa ataambiwa: mbona Rooney amelipwa?

Lakini wale waliofunika nyuso wakaenda nyumbani kwake usiku wa Alhamisi, hao siwakubali hata kidogo. Mpira hauruhusu mtu kufuatwa mpaka mlangoni pake.

Nimewafikiria pia watu wa Everton, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Rooney alikuwa mtoto wao kabla ya kuja kwetu. Alivaa fulana iliyosema ukiwa wa bluu ni wa bluu daima, na mwaka 2004, akiwa na miaka 18, aliomba kuondoka. Sisi tulikuwa tunacheza dansi barabarani usiku ule alipowafunga Fenerbahçe matatu katika mechi yake ya kwanza. Hatukuuliza huko nyuma walilala vipi.

Jana ametimiza miaka 25, na jana hiyo hiyo tumeifunga Stoke 2-1 bila yeye. Yote mawili ni ya yule mtoto wa Mexico, Hernández, la kwanza kwa kisogo, akiwa amelipa goli mgongo! Ungekuwepo.

Sasa sikia la hapa. Jumapili ijayo ni mechi ya kwanza ya fainali ya klabu bingwa Afrika, Mazembe yetu na Espérance ya Tunisia, kwenye uwanja wa Kenya hapa hapa Lubumbashi. Mji hauna usingizi. Baba yangu, ambaye ameiona Englebert, Mazembe ya zamani, ikichukua kombe la Afrika 1967 na 1968, ameshapiga pasi shati lake jeupe mara mbili. Na Trésor Mputu, nyota wetu wa Mazembe, hatacheza. FIFA ilimfungia mwaka mzima juu ya fujo ile ya Kigali na mwamuzi. Alikosea, nimekubali hivyo toka siku ya kwanza. Lakini wiki hii yote, tukibishana juu ya mtu ambaye uwanja uko wazi kwake na hautaki, mimi nilikuwa namfikiria Mputu, ambaye angetoa chochote aingie hata dakika kumi. Jumapili tutaimba jina lake hata kama atakaa jukwaani.

Kwa hiyo jezi usiichome. Ni ya mtoto, si ya Rooney. Ulimnunulia alipofaulu darasa la tatu, na hilo halijabadilika. Akikuuliza kwa nini baba amekasirika, mwambie yote, pamoja na Fenerbahçe. Wewe mwenyewe amua kama utaivaa yako. Mimi yangu nimeiweka chini kabisa ya sanduku, na sijui nitaitoa lini.

Njoo Jumamosi kabla giza halijaingia, maana tiketi zinakwisha na nikikuchukulia moja lazima nijue kwa hakika. Mama atapika bukari na sombe. Mlete mtoto, nitamtafutia kitu cheusi na cheupe cha kuvaa, rangi za Mazembe. Mpe huyu kijana jibu lako kwa mdomo, anarudi Alhamisi.

Nisalimie shemeji sana.

Ni mimi ndugu yako wa Kamalondo