Barua kwa wanangu mlioko Italia: kabla mgeni hajakata tiketi

Wanangu wa Torino, Milano, Roma, Napoli na hata nyie mlioko huko vijijini ambako Mwafrika ni wewe peke yako, salaam aleikum na Bwana asifiwe, kila mtu achukue yake. Nawaandikia wote kwa pamoja maana simu zimekuwa nyingi, huyu anauliza lettera d'invito, ile barua ya mwaliko, inajazwaje, yule mamake anakuja mwezi wa saba na hajui atamlaza wapi, mwengine analia tu kwamba dadake amekuja wamekosana na wako chumba kimoja hawaongei. Nikaona bora nikae chini niseme mara moja.

Kubwa kuliko yote, mwambieni mgeni maisha yenu yalivyo kabla hajakata tiketi. Unakaa monolocale, sema ni chumba kimoja, kitanda na jiko humo humo. Wewe ni badante, unalala kwa bibi unayemlea na nafasi yako ni alhamisi mchana na jumapili, sema hivyo hivyo kwa kinywa chako, usingoje shangazi asambaze. Kwetu pwani watu wamezoea kuwaona Wataliano wa Malindi na Watamu, villa, bwawa la kuogelea, mpishi, mlinzi getini, sasa mzazi akisikia mwanangu yuko Italia anajua na wewe unaishi vile, na wewe nawe kila ukipiga video umesimama mbele ya duomo, kanisa kuu la mji. Anafika, anakuona unatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kusafisha ofisi, anabaki peke yake mpaka jioni, anaanza kujilaumu kwamba amekuja kukutia gharama. Nimemwona mama mmoja hapa alikuwa kila siku mezani anasema ameshiba, kumbe hajashiba, anakata mkate wake nusu anamwekea mwanawe wa kwenda nao kazini. Angeambiwa mapema asingeumia vile, angekuja amejiandaa, labda angesema nakuja wiki tatu badala ya miezi mitatu.

Na msione haya. Kumgeuza mzee wa watu kitandani, kumwogesha, kumlisha, hiyo kazi mamako ataielewa kuliko mtu yeyote maana yeye mwenyewe amemfanyia mamake. Anayeificha ndo anaifanya iwe aibu.

Pesa sasa. Msiende kukopa kwa finanziaria, hizi kampuni za mikopo, ili mgeni aone mambo, mgeni akirudi nyumbani deni linabaki na wewe miaka miwili. Kama hali ni ngumu mngoje tredicesima, mshahara wa kumi na tatu wa Desemba. Na mkitoka mwambie mgeni utaratibu wa hapa, kahawa ya kusimama pale kaunta ni bei ndogo kuliko ya kukaa mezani, mkahawani kuna coperto, malipo ya kukaa mezani, ambayo utalipa hata hujala mkate, ili asishangae wewe unasita kila akitaka kukaa.

Karatasi msizifanyie mchezo. Viza ya kutembea ni siku 90 ndani ya siku 180, ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000, mnunulie nzuri hasa kama ni mzee mwenye presha au sukari, na dawa zake aje nazo za muda wote pamoja na karatasi ya daktari. Halafu kuna hii wengi wenu hamuifanyi, mgeni akishaingia nyumbani kwako una masaa 48 kupeleka comunicazione di ospitalità, yaani taarifa kwamba umempokea mgeni, kwa polisi, Questura au commissariato, na kama mji wenu hauna polisi unaipeleka comune, ofisi ya mji. Hata kama ni mamako mzazi. Usipofanya faini ni kuanzia euro 160 mpaka 1,100. Na kama ndege yake imeingilia Paris au Amsterdam kwanza halafu ndo akaja Italia, basi yeye mwenyewe naye ana siku 8 za kwenda kufanya dichiarazione di presenza, yaani kuwaambia polisi kwamba yuko nchini. Soma pia mkataba wako wa nyumba, mwenye nyumba ajue, asije akakutana na babako kwenye lifti.

Ndani ya nyumba sasa, hapa ndo wazee wetu wanapata tabu na hakuna anayewaeleza. Fleti nyingi hapa umeme wa mkataba ni kilowati 3 tu. Mama ameamka kakuta nguo chafu, kawasha mashine ya kufulia, kaweka birika la umeme achemshe chai, kuku yuko kwenye oveni, umeme unazidiwa, tap, giza, na kontatore, mita yenye swichi ya kuurudisha umeme, iko chini kabisa ya jengo karibu na masanduku ya barua. Anashuka kuiwasha, mlango unajifunga nyuma yake, na milango ya huku ukishafunga kwa nje haifunguki bila ufunguo. Mama wa watu yuko kwenye ngazi na kanga na ndala, mwezi wa kumi na moja, oveni humo ndani inamngoja, hajui Kitaliano hata neno. Kwa hiyo siku ya kwanza kabla hujamtembeza popote shuka naye mpaka kwenye kontatore, mwonyeshe inavyopandishwa, mpe ufunguo wake mwenyewe auvae shingoni, mwandikie anwani na namba yako kwenye karatasi, na umpeleke kwa jirani, hata kama hawaelewani lugha wapeane mikono. Jirani akishajua ni mamako atamwangalia, Wataliano mama wanamheshimu sana.

Chakula kisiwape presha. Unga wa polenta, ule wa mahindi, unasongeka ugali, tafuta ule mweupe, watu wa Veneto wanaula sana. Bamia, muhogo na ndizi za kupika Torino utapata soko la Porta Palazzo, Roma nenda soko la Esquilino pale karibu na Piazza Vittorio. Ila mwambieni mapema nini asibebe, nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kabisa kuingia, samli ya bibi itaishia uwanja wa ndege, na maembe pia hayapiti bila cheti cha mimea. Nazi na ndizi zinapita, dagaa na samaki mkavu wa kula nyumbani pia hawana shida. Inauma sana mzazi kubeba kitu kutoka kijijini kikatupwa mbele yake.

Kutembea si lazima iwe Venezia. Muulize yeye anataka nini. Mkatoliki huenda ndoto yake yote ni Padova kwa Mtakatifu Antoni au kumwona Papa jumatano kwenye audienza, anapokutana na watu, na haina malipo. Mwislamu mpeleke msikiti mkubwa wa Roma, ule uliofunguliwa 1995, aswali ijumaa na watu wa mataifa yote. Makumbusho ya serikali jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure, Colosseo, ule uwanja wa kale wa Roma, imo, lakini foleni ni ndefu, mwenye magoti mabaya usimsimamishe juani. Mwezi wa nane katikati watu wote wako likizo na maduka mengi yamefungwa, kama mgeni anaweza kuchagua, aje mwezi wa tano au wa tisa.

La mwisho ni zito na nalisema kwa upendo. Yuko ndugu au rafiki anayekuja na wazo lake la kutorudi, na hakwambii mpaka siku ya 80. Jina lako liko kwenye ile barua ya mwaliko, ni wewe uliyesema atalala kwako na tarehe fulani ataondoka. Akipotea, siku utakapotaka kumleta mamako utaanzia wapi kueleza ubalozini. Simkatazi mtu kutafuta maisha, sote tulitafuta, lakini asiyatafute kwa saini yako bila wewe kujua. Muulize mapema kwa simu, wewe na yeye tu, unarudi lini, na tiketi ya kurudi uione kwa macho yako kabla hujasaini.

Mama yenu, Torino