Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mipango Miji: Usisaini cheti kabla ya kuzikagua nyumba za jirani

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu jengo la ghorofa sita linalokaribia kumalizika mtaani kwetu, ubavuni mwa nyumba tatu kongwe ambazo ofisi yako yenyewe imeziweka kwenye orodha ya urithi. Nyumba iliyo karibu zaidi na jengo hilo ndiyo ninayoishi. Tangu siku uzio wa mabati uliposimikwa nimekuwa na daftari, na humo nimeandika kila kilichofanyika upande wa pili: siku tingatinga lilipoingia, siku pampu zilipowashwa, kila mara zege lilipomwagwa. Sasa mafundi wanapaka rangi na kufunga madirisha. Kilichobaki ni cheti cha kuruhusu watu kuhamia, na cheti hicho hakitoki bila sahihi yako.

Naomba usikisaini mpaka nyumba hizi tatu zikaguliwe, na zilizoumia zitengenezwe kwa namna inayozifaa.

Sikuja kulipinga jengo. Watu wanatafuta pa kuishi, na kiwanja kile kilikuwa jalala kwa miaka. Ninachokilalamikia ni kwamba lilijengwa kama vile pembeni hapakuwa na kitu.

Nyumba kama yangu haina nondo hata moja. Kuta ni nene, za mawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na msingi wake hauendi chini sana. Inasimama kwa uzito wake na kwa udongo unaoibana pande zote. Chokaa ni laini, kwa hiyo ardhi ikisogea kidogo kidogo kwa miaka mingi, ukuta nao hujipinda bila kupasuka. Mwendo wa ghafla ndio ambao ukuta hauwezi kuuhimili. Ukichimba shimo la ghorofa ya chini ya ardhi, umeondoa udongo uliokuwa ukiubana msingi. Ukivuta maji kwa pampu ili shimo likauke, udongo wa jirani nao unakauka, unajikaza, unashuka. Huenda ukashuka milimita chache tu, lakini kona moja ikienda chini na nyingine ikabaki, ukuta lazima utengane mahali fulani.

Ufa wa kwanza niliuona kwenye kona ya dirisha la juu, siku ya nne tangu pampu ziwashwe. Ulikuwa mwembamba kama unywele, ukipanda kimshazari kuelekea dari. Nikachora mstari wa penseli pale ulipoishia na kuandika tarehe. Baada ya wiki mbili ulikuwa umeupita mstari ule kwa shubiri nzima. Fundi mmoja mzee akanielekeza nibandike kipande cha kioo chembamba juu ya ufa, kishikwe kwa jasi pande zote mbili, kwa sababu kioo hakivutiki: ukuta ukisogea, kinakatika. Kilikatika usiku uleule walipoongeza pampu ya pili. Leo sarafu inaingia kwenye ufa huo na kusimama yenyewe. Mlango wa chumba cha juu, uliokuwa ukifungwa kwa kidole, unakwaruza sakafu na umechora nusu duara nyeupe kwenye mbao.

Haya yote yana vipimo vyake vinavyojulikana. Kiwango cha Ujerumani, DIN 4150-3, kinaweka kikomo cha mtikisiko kwenye msingi wa majengo ya urithi kuwa milimita 3 kwa sekunde pale mitikisiko inapokuwa chini ya hezi 10, yaani chini ya mara kumi kwa sekunde. Nyumba za kawaida za kuishi zimewekewa milimita 5. Kifaa cha kupima mtikisiko ni kidogo, unakiweka chini ukutani na kinaandika chenyewe mchana na usiku. Kwetu hakikuwekwa hata siku moja. Wala hakuna aliyekuja kabla ya kazi kuanza kupiga picha kuta zetu na kutusainisha ripoti ya hali yake, jambo ambalo lingemlinda hata mkandarasi. Sasa anasema nyufa zilikuwapo tangu zamani, nami nina daftari na penseli tu.

Usidhani natia chumvi kuhusu hatari ya mashimo. Machi 2009, mjini Köln, Ujerumani, jengo la hifadhi ya nyaraka za jiji liliporomoka wakati reli ya chini ya ardhi ikijengwa mbele yake. Udongo na maji vilikuwa vimepenya ndani ya shimo la ujenzi. Vijana wawili wa nyumba za jirani walikufa, na nyaraka za karne nyingi zikafukiwa kwenye kifusi.

Nilipolalamika, mkandarasi alituma vijana wawili na ndoo ya saruji. Walikuwa na adabu, na waliziba ufa wa sebuleni vizuri kwa macho. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi zaidi kuliko ufa wenyewe. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea juu ya lipu na kukauka. Saruji haipitishi unyevu namna hiyo. Unyevu hunaswa nyuma yake, chumvi hujikusanya, jiwe linaanza kumeguka kama biskuti. Tena saruji ni ngumu kuliko ukuta ulioizunguka, kwa hiyo ardhi ikisogea tena haitapasuka yenyewe, itapasua jiwe la pembeni. Tayari kando ya kiraka kile lipu imevimba, ukiigonga inalia kama kitu chenye uwazi ndani. Niliwazuia wasiingie vyumba vya juu. Ukisikia kwamba nilikataa matengenezo, sababu ni hiyo.

Kuhusu urefu wa jengo sitasema mengi, maana kibali ulishakitoa. Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, ulikwisha kusema kwamba kuhifadhi jengo la kale ni pamoja na kuhifadhi mazingira yanayolingana nalo. Ghorofa sita zimetuondolea jua la asubuhi, na ukuta uliokuwa ukikauka kabla ya adhuhuri sasa una ukungu. Bomba la mvua la paa jipya nalo linamwaga maji futi chache kutoka kwenye msingi wetu. Hilo la bomba linarekebishika kwa siku moja.

Kwa hiyo tuma mhandisi anayeyajua majengo ya chokaa, asiyelipwa na mwenye jengo. Apime nyufa na aendelee kuzipima mpaka ardhi itulie, kwa sababu ufa ukizibwa kabla haujasimama utafunguka tena. Saruji iliyopakwa ibanduliwe, kazi irudiwe kwa chokaa, na gharama iwe ya aliyechimba. Matokeo ya vipimo yabandikwe kwenye uzio, watu wote wa mtaa wayasome. Cheti kikishatoka, mkandarasi atahamisha vifaa vyake, na hapo hatutakuwa na wa kumgongea mlango.

Njoo mwenyewe kabla hujasaini, siku yoyote. Daftari liko mezani. Mstari wa mwisho wa penseli niliuchora Jumapili iliyopita, na ukifika tutapanda pamoja juu tuone kama ufa umeuvuka.

Wako,
Mkazi wa nyumba iliyopakana na jengo